Jalada la kazi: Shahidi wa kijana asiye na mjomba ofisini

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msemo wa kweli katika soko la maembe, ambako mnunuzi huliona embe, hulishika na kulinusa kabla hajatoa fedha yake. Lakini msemo huo huo umewaponza vijana wengi waliosomea ubunifu wa michoro na machapisho. Kijana anahitimu chuo, ana mkono mzuri, ana jicho la rangi na herufi, kisha anakaa nyumbani akiamini kuwa uzuri wa kazi yake utamfikisha anakotaka kwenda. Ukimuuliza kazi zenyewe ziko wapi, atakwambia nyingine zimo kwenye kompyuta ya chuo, nyingine zilikuwa kwenye simu iliyoibwa, na nyingine alimwachia rafiki yake kwenye flashi. Hilo ni embe lililo ndani ya gunia lililoshonwa. Litajiuzaje?

Ni jambo lisilo na ubishi kwamba malalamiko juu ya ajira za kujuana ni mengi mitaani kwetu. Vijana wanasema asiye na mjomba ofisini hapati kazi, na si malalamiko ya bure. Hata hivyo, fani ya ubunifu ina neema moja ambayo fani nyingi hazina. Mhasibu hawezi kwenda kwenye usaili na vitabu vya hesabu vya kampuni aliyoitumikia akavifungua mezani. Muuguzi hawezi kumbeba mgonjwa aliyemhudumia akapona. Mbunifu anaweza kuibeba kazi yake mkononi, akaiweka mbele ya mtu asiyemjua kabisa, na mtu yule akaiona kwa macho yake. Kwa kijana asiye na wa kumsemea, huyo ndiye shahidi wake. Inasikitisha basi kuona shahidi huyu akipelekwa barazani bila maandalizi, au akipelekwa na maneno yasiyo yake.

Makala haya yanamlenga mwanafunzi wa ubunifu anayekaribia kumaliza masomo, aliyekwisha kuhitimu na bado anazunguka na bahasha, na mzazi anayelipa ada bila kujua mwanawe anatakiwa atoke chuoni na nini zaidi ya cheti.

Jalada ni ushahidi, si albamu

Jalada la kazi, ambalo wenye fani huliita potifolio, ni mkusanyiko wa kazi alizozichagua mbunifu mwenyewe ili kumwonesha mtu mwingine anachoweza kufanya. Linaweza kuwa kitabu cha karatasi, faili la PDF au ukurasa kwenye intaneti. Sura hiyo ya nje wengi wanaifahamu. Tatizo linaanzia kwenye kuelewa jalada linatakiwa kufanya kazi gani.

Wapo wanaodhani jalada ni albamu kama ile ya picha za harusi, ambayo kila picha ina haki ya kuwemo ili asije akanung'unika shangazi. Hivyo wanakusanya kila walichowahi kuchora tangu mwaka wa kwanza: nembo ishirini, mabango kumi na matano, kadi za mwaliko, picha za wachezaji mpira zilizopambwa kwa moto na moshi. Mwajiri akilifungua anaona rangi nyingi, lakini hakuna anachoambiwa.

Hebu tujiweke upande wa pili wa meza. Mkuu wa idara ya ubunifu katika kampuni ya matangazo, gazeti au kiwanda cha uchapaji ana maombi mengi mbele yake, na wakati huo huo kazi za wateja zinamsubiri. Anapofungua jalada anatafuta majibu ya maswali matatu. Kwanza, je, kijana huyu anaweza kazi? Pili, je, kazi hizi ni zake kweli? Tatu, nikimpa mteja mgumu, fedha kidogo na siku tatu, atafikiri vipi? Picha nzuri peke yake hujibu swali la kwanza, tena nusu yake. Maswali mawili yaliyobaki hujibiwa na maelezo, rasimu na mpangilio wa jalada lenyewe. Hapo ndipo vijana wengi wenye vipaji wanaposhindwa na wenzao wa kawaida waliojiandaa.

Chache zilizo bora

Ni kazi ngapi ziwemo? Kwa anayeanza, ushauri unaotolewa sana na wenye fani ni kazi kati ya sita na kumi. Kijana akisikia hivyo huona anadhulumiwa, kwani anazo hamsini. Lakini azingatie jambo moja: jalada hupimwa kwa kazi yake dhaifu kuliko zote. Mwajiri akikutana na bango baya katikati ya mazuri hasemi kuwa hili moja limemponyoka. Anasema, ikiwa hili naye ameliona linafaa kuoneshwa, basi hajui kutofautisha zuri na baya. Na huko kutofautisha ndiko anakotaka kukuajiri ukafanye.

Tuchukue mfano wa msanifu mkubwa katika historia ya majengo, Mimar Sinan, aliyekuwa msanifu mkuu wa dola ya Uthmaniya kuanzia karibu mwaka 1539 hadi alipofariki mwaka 1588. Majengo yanayohesabiwa kuwa yake ni zaidi ya 300, yakiwemo misikiti, madaraja, shule na mabafu. Alipokuwa mzee alimsimulia rafiki yake, mshairi Mustafa Sai, habari za maisha na kazi zake zikaandikwa. Husimuliwa kuwa katika wingi wote huo aliteua misikiti mitatu kuwa vipimo vya safari yake: wa Şehzade uliokamilika mwaka 1548, akauita kazi ya uanagenzi; wa Süleymaniye uliokamilika mwaka 1557, akauita kazi ya fundi aliyepevuka; na wa Selimiye kule Edirne, uliokamilika katika miaka ya 1570 akiwa na umri mkubwa, akauita kazi ya ustadi wake. Mtu mwenye majengo zaidi ya 300 alijieleza kwa matatu, tena bila kuogopa kuyapanga kwa daraja. Mwanafunzi mwenye mabango hamsini anashindwaje kuteua manane?

Katika kuteua, zingatia pia unakwenda wapi. Kiwanda cha uchapaji kinataka kuona kama unajua kuandaa kitabu au kipeperushi kikatoka mashineni bila matatizo. Gazeti linataka kuona kurasa zenye maandishi mengi zinazosomeka. Kampuni ya matangazo inataka wazo. Kampuni inayotengeneza programu za simu inataka kuona skrini, na jinsi mtumiaji anavyotoka skrini moja kwenda nyingine bila kupotea. Kwa hiyo usiwe na jalada moja unalolisambaza kila mahali kama tangazo la msiba. Kuwa na ghala la kazi zako zote, kisha kila unapoomba nafasi chota humo zinazohusika.

Ama kuhusu mpangilio, anza na kazi yako iliyo bora kuliko zote, na malizia na ile inayoifuatia kwa ubora. Msomaji mwenye haraka huenda asifike katikati, na aliyefika mwisho huondoka na alichokiona mwisho.

Eleza njia uliyopita

Kosa la pili ni kuonesha kazi iliyokamilika bila kuonesha ilikotoka. Tueleze kwa kitu ambacho kila msomaji wetu anacho nyumbani: kanga. Kanga ina pindo lizungukalo pande zote, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Tuseme mwanafunzi amebuni kanga na kuiweka katika jalada lake. Wengi wangeweka picha ya kanga iliyotandazwa na kuandika chini yake: "Ubunifu wa kanga." Mwajiri angeitazama, angesema ni nzuri au si nzuri, na angefunua ukurasa.

Sasa tazama mwanafunzi mwingine. Katika ukurasa wa kwanza anaandika mistari minne: kanga hii ilibuniwa kwa ajili ya zawadi ya wahitimu wa darasa la ukunga, sharti lilikuwa rangi zisizidi tatu, kwa sababu kila rangi huongeza gharama ya kuchapa, na jina lilitakiwa lisomeke hata kanga ikifungwa kiunoni. Ukurasa wa pili anaonesha rasimu tano za penseli, mbili zikiwa zimekatwa msalaba, na neno moja pembeni la kueleza kwa nini zilikataliwa. Ukurasa wa tatu anaonesha namna alivyojaribu jina kwa aina tatu za herufi, akaziweka juu ya kitambaa na kuzipiga picha kutoka hatua sita ili kuona ipi inasomeka. Ukurasa wa nne ndipo anapoonesha kanga yenyewe, mara moja ikiwa imetandazwa na mara moja ikiwa imevaliwa.

Ni kanga ile ile. Lakini mwanafunzi wa kwanza ameonesha kitambaa, wa pili ameonesha akili. Mwajiri ameshajua kuwa kijana huyu husikiliza masharti, hujaribu zaidi ya mara moja, huweza kuliacha wazo lake mwenyewe likiwa halifai, na hukumbuka kuwa kitu kitatumika na binadamu.

Kwa kila kazi, basi, jibu mambo matano kwa maneno machache: nani alihitaji kitu hiki, tatizo lilikuwa nini, masharti yalikuwa yapi, uliamua nini na kwa nini, na kilichotokea ni nini. La mwisho liwe la kweli. Kama ni nakala 200 zilichapwa na zikagawiwa, sema 200. Kama kazi haikuchapwa kabisa, sema haikuchapwa. Maelezo yasizidi kiganja cha mkono. Jalada si tasnifu, na mwajiri aliyelifungua kuona kazi hataki kusoma kurasa za nadharia ya rangi.

Kutokana na hilo, mwanafunzi aliyeko mwaka wa kwanza ajifunze kuanzia leo kutotupa rasimu zake. Karatasi iliyochorwa kwa penseli ikapata doa la chai inaweza kuwa na thamani mbele ya msaili kuliko bango lililong'arishwa kwa kompyuta.

"Sina wateja, nitaonesha nini?"

Hili ndilo swali la wengi. Hakuna anayekupa kazi kwa sababu huna uzoefu, na huna uzoefu kwa sababu hakuna anayekupa kazi. Tufanyeje?

Tujifunze kwa Harry Beck. Huyu alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi katika ofisi ya ishara za reli za chini ya ardhi mjini London. Mwaka 1931, kwa muda wake mwenyewe na bila kutumwa na mtu, alichora upya ramani ya reli zile. Aliona kuwa abiria aliye chini ya ardhi hahitaji kujua barabara zilizo juu yake zinavyopinda. Anahitaji kujua apande wapi, abadilishe wapi na ashuke wapi. Akanyoosha njia zote zikawa za mlalo, za wima au za mshazari, na vituo akavipanga kwa nafasi zinazosomeka. Alipoipeleka mara ya kwanza ilikataliwa kwa kuonekana imekwenda mbali mno na mazoea. Hakuichana. Aliirudisha, mwaka 1932 zikachapwa nakala 500 za majaribio, na mwaka 1933 ikachapwa kwa wingi. Leo ramani za treni na mabasi katika miji mingi duniani zimechorwa kwa mtindo huo.

Beck hakungoja mteja. Aliangalia tatizo lililokuwa mbele ya macho yake kila siku. Je, sisi hatuna matatizo ya namna hiyo? Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoa huduma jijini Dar es Salaam mwaka 2016, njia kuu ilitoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Gerezani na Morocco. Mwanafunzi anaweza kuichukua njia hiyo akachora ramani ambayo mgeni aliyeshuka leo kutoka Singida, ambaye hajui mji, ataielewa akiwa amesimama na mzigo kichwani. Akaijaribu kwa watu kumi, akaona wanakosea wapi, akairekebisha. Hiyo ni kazi kamili ya jalada.

Au tuchukue ratiba ya mwezi wa Ramadhani inayobandikwa kwenye milango ya nyumba zetu. Nyingi zimebanwa katika karatasi ndogo, tarakimu ni za kuhesabu kwa miwani, na nusu ya nafasi imechukuliwa na picha ya taa na mwezi mwandamo. Mbunifu ajiulize: bibi mwenye macho mazito ataisoma saa kumi usiku kwa mwanga wa simu? Tena ratiba ya Dar es Salaam haimfai aliyeko Kigoma, kwa sababu jua la Kigoma hutua zaidi ya nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Je, mbunifu atatengeneza karatasi moja yenye safu za miji, au karatasi tofauti kwa kila mji? Hilo ni swali la ubunifu hasa, na halihitaji programu ya gharama kubwa ili lijibiwe.

Kadhalika kuna fomu ya zahanati ambayo wagonjwa huijaza vibaya kila siku, ubao wa bei wa duka la mtaani, kifungashio cha ubuyu au karafuu cha akina mama wajasiriamali, na cheti cha madrasa. Mwendee mwenye duka, mwombe ruhusa, mfanyie kazi moja ndogo vizuri. Ila zingatia sharti moja: kazi usiyoagizwa iandike wazi kuwa ni ya mazoezi. Kuchora kopo jipya la kinywaji cha kampuni kubwa, kisha ukaliweka katika jalada kana kwamba kampuni ile ilikuagiza, ni uongo. Msaili atauliza ulifanya kazi na nani pale, na jibu hutakuwa nalo.

Kazi ya kikundi, violezo na akili mnemba

Hapa tunafika penye uzito. Shahidi akishabainika amesema uongo katika jambo moja, hata ukweli wake mwingine huanguka. Jalada nalo ni hivyo hivyo.

Mosi, kazi za kikundi. Vyuoni wanafunzi wanne hufanya kazi moja, na baadaye kazi ile huonekana katika majalada manne, kila mmoja akijinasibisha nayo yote. Mji wetu ni mdogo na wasaili wanajuana. Andika kwa uwazi: "Tulikuwa wanne. Mimi nilichagua herufi na kupanga kurasa. Picha zilipigwa na mwenzangu." Sentensi hiyo haikupunguzii kitu. Inaonesha kuwa unaweza kufanya kazi na wenzako, na karibu ofisi zote hufanya kazi kwa vikundi.

Pili, violezo vya tayari. Mtu anachukua kiolezo cha kadi kwenye intaneti, anabadilisha majina ya bwana na bibi harusi, kisha anakiweka katika jalada kama ubunifu wake. Msaili mzoefu huvijua violezo hivyo, na huenda amevitumia yeye mwenyewe. Mara nyingine hafanyi ubishi, husema tu: "Nifungulie faili la awali nione ulivyolipanga." Aliyefanya kazi hulifungua. Asiyeifanya husema kompyuta yake imeharibika.

Tatu, akili mnemba. Programu zinazotengeneza picha kutokana na maneno zimeenea tangu mwaka 2022, na wapo wanaoziona kama njia ya mkato. Kuzitumia si jambo la kuficha. Hata maofisini zinatumika. Lakini mwajiri anataka kujua kipi kilitoka kwenye mashine na kipi kilitoka kichwani mwako. Sema wazi. Na usijaze jalada kwa picha za mashine, kwani mashine hiyo mwajiri anayo tayari. Anayemtafuta ni mtu wa kuiambia kuwa hapa umekosea.

Nne, haki za watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi za picha na michoro kama inavyolinda vitabu na muziki. Picha uliyoiokota kwenye intaneti ina mwenyewe. Aidha, kazi uliyoifanya ukiwa kwenye mafunzo katika ofisi fulani huenda bado ni siri ya mteja wao. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuionesha. Msaili akikuona unamwaga siri za ofisi uliyotoka, atajua siku moja utamwaga na za kwake.

Umbo la jalada

Siku hizi jalada la kwanza hufika kwa barua pepe. Litengeneze kama faili moja la PDF, kurasa za mlalo, kwa sababu skrini ni za mlalo. Usitume picha ishirini zilizotengana. Lipunguze uzito lisizidi megabaiti kumi. Barua nzito hurudishwa au humla mwenzako bando lake. Faili lipe jina lako na neno jalada. Kuna mafaili mangapi yanayoitwa "mwisho kabisa 3" katika kompyuta ya mwajiri?

Kabla hujalituma, lifungue kwenye simu ya bei ndogo. Likisomeka hapo, litasomeka popote. Ukurasa wa mbele uwe na jina, fani, namba ya simu na barua pepe. Barua pepe iwe ya jina lako, si ile uliyoifungua ukiwa kidato cha pili. Ukiwa na uwezo weka kazi zako pia katika mtandao wa wabunifu kama Behance, ambao ulianzishwa mwaka 2005 na hutumika bila malipo, kisha weka kiungo chake katika barua.

Kwa usaili wa ana kwa ana, chapisha nakala ya karatasi, hata iwe ya A4. Hapa wengi huumbuka. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, uchapaji hutengeneza rangi kwa wino za aina nne, na kijani kilichokuwa kiking'aa kwenye kompyuta hutoka kimefifia kwenye karatasi. Picha iliyoonekana safi kwenye simu hutoka na ukungu, kwa kuwa uchapaji mzuri huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kwanza, urekebishe, ndipo uchapishe zote. Kama una kitu kilichokwisha kuchapwa, kadi au boksi au kitabu, kipige picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na siku ya usaili kichukue chenyewe. Mtu akishika kitu mkononi huamini zaidi.

Na tafadhali, mpe mtu mwingine asome maneno yote. Mbunifu anayeandika "kalibu" mahali pa "karibu" amejiondoa mwenyewe. Mwajiri anapiga hesabu: kosa hilo likipita katika kadi 5,000, nani atalipa?

Mezani mwa msaili

Siku ya usaili imefika. Fika mapema, ukiwa na jalada la karatasi, nakala kwenye flashi na nyingine kwenye simu. Usitegemee intaneti ya ofisi usiyoijua wala umeme wa TANESCO.

Usisubiri kuulizwa kila kitu. Jiandae kueleza kazi tatu tu, kila moja kwa dakika mbili au tatu. Usianze kwa kusema "hii ni nembo," kwa sababu anaiona. Anza na tatizo: "Mwenye duka hili alikuwa anapoteza wateja kwa sababu ubao wake haukusomeka kutoka barabarani." Kisha eleza ulichojaribu, ulichoamua, na nini kilifuata. Fanya mazoezi nyumbani mbele ya mtu asiyejua ubunifu, mama au kaka. Akielewa yeye, umeeleza vizuri, na wateja utakaokutana nao maishani wengi wao watakuwa kama yeye.

Msaili akiikosoa kazi yako, usikasirike na wala usikubali kila neno kwa woga. Mara nyingi anapima utakavyopokea maneno ya mteja. Jibu kwa adabu: "Hilo sikulifikiria, mzee, ningeweza kulirekebisha hivi." Au kama una sababu, itoe: "Niliweka herufi kubwa kwa sababu wasomaji wake ni wazee." Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui na upo tayari kujifunza.

Ofisi nyingine hutoa kazi ya majaribio. Ya saa chache haina tatizo. Lakini wapo wanaotaka waombaji kumi wabuni tangazo zima bila malipo, kisha watumie mojawapo na wasiajiri hata mmoja. Uliza kwa upole kazi hiyo itatumika wapi na nani ataimiliki. Hakuna ubaya kuuliza. Baada ya usaili, andika barua fupi ya shukrani, na wiki moja ikipita bila jibu uliza mara moja. Ukikataliwa, omba kuambiwa ni kazi ipi ilikuwa dhaifu, uiondoe au uirekebishe kabla ya kubisha mlango mwingine.

Wajibu wa chuo na wa nyumbani

Mzigo huu tusimtwishe kijana peke yake. Vyuo vinavyofundisha ubunifu vingefanya vyema kulianzisha jalada mwaka wa kwanza badala ya wiki mbili kabla ya mahafali, na kuwaalika wachapaji na wahariri waje kuyaona majalada ya wanafunzi na kuyakosoa kabla soko halijayakosoa. Mafundi wetu wa mabango wa mitaani, ambao mikono yao imeandika kuta za miji hii kwa miaka mingi, nao wangekuwa na mengi ya kufundisha juu ya herufi inayosomwa na mtu aliye ndani ya daladala.

Nanyi wazazi, mnapomuuliza mtoto kuhusu matokeo ya mitihani, muulizeni pia: "Nioneshe kazi zako." Akikuonesha, muulize kazi hii ilitatua nini, na ipi sehemu yako. Ni maswali yale yale atakayoulizwa ofisini. Msaidieni pia kupata nafasi ya kuhifadhi kazi zake sehemu mbili tofauti, kwa sababu kompyuta huibwa na simu hutumbukia majini, na kazi za miaka mitatu zikapotea kwa siku moja.

Kijana aliye na bahasha mkononi wiki hii aanze na hatua ndogo. Akusanye kazi zake zote mahali pamoja, aondoe zile ambazo hawezi kueleza kwa nini zipo, na kwa kila iliyobaki aandike mistari mitano ya kweli. Akishindwa kupata nane zinazofaa, abaki na nne, na ya tano aende akaitafute kwenye ubao wa duka la jirani.